Kabla hujauza hiyo kadi yako ya 1660 Super, soma hapa kwanza

"Shikamoo kaka. Niko Isevya hapahapa Tabora, nina PC ya mtumba, prosesa ni i5-8400, ramu GB 8, hard diski ya TB 1 na kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super ya GB 6. Monita ni ya 144Hz. Nacheza Counter-Strike 2 (CS2), ile gemu ya kurushiana risasi, karibu kila usiku. Nikiwa natembea tu kwenye ramani FPS, yaani picha kwa sekunde, inasoma 140, 150 safi kabisa, ila watu wakianza kurushiana risasi na moshi umetupwa inashuka mpaka 50, na saa nyingine picha inaganda kama nusu sekunde, nikija kushtuka nimeshakufa. Pingi yangu, ule ucheleweshaji wa mtandao, ni kama milisekunde 130. Jamaa yangu anasema kadi imezeeka na GB 6 hazitoshi, niuze niongezee hela ninunue RTX 3060 ya GB 12. Nimejibana nimefikisha laki sita na nusu na sitaki kuzipoteza. Nifanye hivyo? Na pingi nayo itashuka?"

Marahaba mdogo wangu. Laki sita na nusu ni hela ya kujinyima, kwa hiyo nakupa jibu kwanza halafu ndo nieleze: usiuze hiyo kadi. Kwa jinsi ulivyoelezea, siyo kadi inayokuangusha, na ukiweka 3060 kwenye mashine hiyohiyo ilivyo leo, usiku ukiingia kwenye mechi moshi ukitupwa utaganda vilevile, tofauti ni kwamba hela itakuwa imeshaondoka. Na pingi haitashuka hata milisekunde moja, hiyo nitakuja nayo mbele.

Kilichonipa shaka ni hayo maneno yako mwenyewe, kwamba ukitembea ni 140 ila vita ikianza ni 50 na picha inaganda. Kadi iliyolemewa mara nyingi haifanyi hivyo, yenyewe inakuwa chini muda wote, ukitembea iko chini, ukisimama ukutani iko chini. Mashine inayokimbia vizuri kukiwa kimya halafu inajikwaa kukichangamka, mara nyingi tatizo liko upande wa prosesa na ramu, na kwa kule kuganda kwa nusu sekunde mimi naangalia moja kwa moja ramu na hard diski.

Ngoja nikueleze kazi inavyogawanywa humo ndani maana hapa ndo wengi wanapotea. Ukipita sokoni pale kwenye baraza za mafundi cherehani utaona kuna anayepima na kukata kitambaa na kuna anayeshona. Prosesa ndo mkataji. Kila fremu moja, yaani kila picha moja ya gemu, inabidi ajue wachezaji wote kumi wako wapi, nani kafyatua, risasi imepita wapi, mlio wa nyayo unatokea upande gani, seva imeleta taarifa gani, halafu ndo aandae maelekezo ampe kadi. Kadi ndo cherehani, inapokea vipande vilivyokatwa inashona picha, inapaka rangi kila nukta ya kwenye skrini. Sasa mkataji akichelewa, hata ukileta cherehani mpya ya umeme itakaa tu inasubiri kitambaa. Na kwenye gemu za ushindani kama CS2 picha yenyewe siyo nzito kivile, zimetengenezwa watu wengi waweze kucheza, ila kasi ya fremu inayotakiwa ni kubwa mno, ndo maana mkataji anachoka kabla ya cherehani.

Angalia Valve wenyewe, waliotengeneza CS2, walivyoandika mahitaji ya chini ya hiyo gemu. Upande wa kadi wanasema kumbukumbu ya GB 1 au zaidi. Wewe una 6. Upande wa ramu wanasema GB 8. Wewe una 8, yaani hapo ndo uko kwenye mstari wa chini kabisa, na kwenye hiyohiyo 8 kuna Windows, kuna Steam inayofungua gemu, kuna Discord ya kuongea na wenzako na sijui kama huwa unafunga Chrome kabla ya kucheza. Kwa hiyo jamaa yako alivyoona namba ndogo alikuwa sahihi, ila ameiona kwenye kifaa ambacho siyo.

Hili la GB za kadi linasumbua watu wengi sana hapa mjini. GB za kadi ni ukubwa wa stoo, siyo mbio. Stoo ikijaa kweli mashine inayumba, ila isipojaa, stoo kubwa haikuongezei kitu, na CS2 kwenye 1920 kwa 1080 na setingi za kawaida haiwezi kukujazia GB 6. Hiyo 1660 Super imetoka Oktoba 2019, kumbukumbu yake ni GDDR6 inayosukuma GB 336 kwa sekunde, inakula wati 125 tu. Kwa gemu yako bado ni kadi ya heshima kabisa.

Usiniamini kwa maneno lakini, jipimie mwenyewe usiku wa leo, haigharimu hata mia. Ndani ya setingi za CS2, kwenye sehemu ya gemu, kuna eneo la telemetri (vipimo vya mashine na mtandao), washa FPS na muda wa fremu vionekane muda wote. Ingia deathmatch, ile ya kupigana risasi mfululizo, kwenye ramani moja ucheze dakika kumi kwa 1920 kwa 1080, angalia namba inashuka mpaka ngapi kwenye vurugu. Halafu shusha resolusheni, yaani wingi wa nukta za picha, iwe 1280 kwa 960, ramani ileile, dakika kumi zingine. Hapo umepunguza nukta kutoka milioni 2 na kidogo mpaka kama milioni 1.2, yaani cherehani umeipunguzia karibu nusu ya kazi, wakati mkataji kazi yake imebaki ileile. Kama kwenye vurugu FPS bado inaanguka mpaka 50 na kitu, basi kadi haihusiki. Kama imepanda sana, sawa, hapo kadi nayo ina mzigo na tutaongea tofauti. Nasema hivi kwa sababu moshi wa CS2 siyo kama ule wa CS:GO, gemu iliyotangulia, huu una ujazo, unajaza chumba, ukiupiga risasi unatoboka, na ukiwa umekuziba skrini nzima kadi inafanya kazi ya ziada kweli. Kwa hiyo jaribio ndo litakaloamua.

Na usihangaike na wastani. Wastani wa 140 unaweza kuwa na shimo ndani na usilione. Monita yako ya 144Hz inataka picha mpya kila baada ya milisekunde 7 hivi. Ukishuka FPS 50 picha inakuja kila baada ya milisekunde 20, na ikiganda nusu sekunde hizo ni milisekunde 500, yaani picha sabini na kitu hazijaja na adui kapita mlango mzima. Mimi ningependa mashine inayokaa 110 bila kutikisika kuliko inayosoma 180 halafu inaanguka mpaka 50, kwa sababu mkono wako unazoea mwendo mmoja, mwendo ukivunjika na shabaha inavunjika.

Sasa turudi kwenye ramu. Fungua Task Manager, nenda kwenye utendaji, bonyeza memori, kuna sehemu imeandikwa nafasi ngapi zinatumika. Nikikisia, utakuta 1 kati ya 2, maana mashine nyingi za mtumba zenye GB 8 ninazofungua zina kipande kimoja. Kipande kimoja maana yake njia ni moja. Wewe wa Tabora hili utalielewa haraka, reli ya zamani ni njia moja, treni ya kutoka Kigoma na ya kutoka Mwanza zinakuja kukutana hapa stesheni, nyingine lazima isimame ipishe. Ramu ya DDR4 ya 2666 kwenye njia moja inapitisha GB 21 na kidogo kwa sekunde, ukiweka vipande viwili vinavyofanana zinafunguka njia mbili na inakuwa kama 42. Prosesa yako ni ileile, imeacha tu kusubiri kupishana.

Kisha kuna lile la kujaa. Hizo GB 8 zikijaa, Windows inahamishia vitu vingine kwenye diski, na diski yako ni ile ya sahani inayozunguka na kijisindano kinachotafuta. Gemu ikihitaji sauti au picha iliyohamishiwa kule, kijisindano kinaanza kutafuta na gemu nzima inasimama kukingojea. Hiyo ndo nusu sekunde yako. Ukitaka kuhakikisha, siku ikiganda sogeza sikio kwenye kasha uone kama husikii mkwaruzo, au iangalie taa ya diski kama inawaka mfululizo wakati picha imesimama.

Kwa hiyo hela yako ningeianzia hapa: kipande cha pili cha GB 8 chenye kasi ileile na cha kwanza, ukipata vinavyofanana kabisa ni bora zaidi, halafu SSD (diski ya chipu isiyozunguka) ya kawaida ya SATA. Usinunue ya GB 120 kwa kuogopa bei, gemu yenyewe Valve wameandika inataka GB 85, utakwama wiki ya kwanza, tafuta kuanzia 480. Bei za ramu zinapanda na kushuka, ulizia maduka mawili matatu, ila vitu hivi viwili pamoja vinakuwa chini ya kile ulichojibana na kitu kinabaki mfukoni. Weka Windows na CS2 vyote kwenye SSD, ile diski ya zamani ibaki ya muvi na mafaili.

Ukishafanya hayo na bado unaona kwenye vurugu haitoshi, hatua inayofuata ni prosesa, bado siyo kadi. Hiyo i5-8400 ni ya 2017, ina koa sita, yaani vichwa sita vya kufanya kazi, na nyuzi sita, yaani kazi sita inazoshika kwa mpigo. Kwenye mazabodi (bodi kuu) hiyohiyo unaweza kuingiza i7-8700 ya mtumba, koa sita nyuzi kumi na mbili na mwendo mkubwa zaidi, mradi pawa sapulai na feni ya prosesa vinaimudu. Uwe makini muuzaji asikupe ya kizazi cha sita au cha saba akakwambia tundu la prosesa ni 1151 zote sawa. Jina la tundu ni lilelile kweli, ila hazikubali.

Lazima nikuambie pia na upande wa pili ili uamue kwa haki. RTX 3060 siyo kadi mbaya, ni kubwa kuliko yako kweli. Kama ungeniambia unacheza gemu mpya za hadithi zenye picha nzito, au unataka kuhariri video, au kufanya kazi za Blender, ningekwambia jipange uichukue. Ila inakula wati 170 na NVIDIA wanashauri pawa sapulai ya wati 550, wakati 1660 Super wanashauri 450, kwa hiyo usikute unanunua na pawa sapulai juu yake. Na ukisikia mtu anakuuzia kadi yoyote ya mtumba, hata hiyo, ujue kadi nyingi za miaka ile zilitumika kuchimba Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, usiku na mchana mpaka uchimbaji ulipokoma Septemba 2022. Haimaanishi zote zimekufa, ila feni zimechoka na pedi za ndani zimekauka, kwa hiyo usilipe kabla hujaiona ikicheza gemu nusu saa mbele yako. Kuna nyingine ni za uongo kabisa, kadi ya zamani imebadilishiwa jina kwenye programu, nenda na GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kwenye flashi, mara nyingi inaitambua na kukuandikia kuwa ni feki.

Kabla hata ya kununua chochote, fungua kasha ulitoe vumbi. Mwaka jana mwezi wa kumi, jua la Tabora unalijua lilivyo kabla ya mvua, kijana kutoka Cheyo aliniletea kadi kama yako analalamika ikifika dakika ya kumi na tano gemu inakuwa nzito. Nikaiwasha nikaona nyuzi joto 86. Nilivyotoa feni, katikati ya mapezi ya kupoozea kulikuwa na vumbi limeshikana kama mkeka, nililivuta kwa koleo likatoka kipande kizima kina umbo la mapezi kabisa. Ile pesti iliyo kati ya chipu na chuma ilikuwa imekauka imepasuka kama tope la mbuga kiangazi, ukiigusa inamong'onyoka. Nikasafisha, nikaweka pesti mpya, nikarudisha, ikacheza saa nzima kwenye 69. Kadi hizi zikifika nyuzi 80 na kitu zinaanza kujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue, kwa hiyo mtu anaona imezeeka kumbe imeziba pua tu. Ukisafisha kwa brashi na blowa, shika feni kwa kidole isizunguke, na kasha lisikae chini sakafuni wala usiliegemeze pazia.

Angalia na monita ukiwa hapohapo, iwe imechomekwa kwenye kadi na siyo kwenye mazabodi, na kwenye setingi za Windows za skrini ihakikishe imeandika 144, maana mara nyingi inajiweka 60 na mtu anakaa miezi hajui. Tumia waya wa DisplayPort kama unao.

Upande wa setingi sitakujazia orodha. Kinachokula kadi zaidi ni kulainisha kingo, ile MSAA, wewe kaa kwenye 2x au CMAA2. Vivuli usivishushe mpaka chini kabisa hata kama mtu kakwambia, kivuli cha adui kinatangulia kona kabla yake na hicho ni taarifa ya bure. Washa Reflex, kadi yako inaiweza, inapunguza ucheleweshaji kati ya kubonyeza na kuona. FSR, ile inayochora picha ndogo halafu inaikuza, izime, wewe hauna shida ya kadi na inakuharibia picha ya mbali ambako kichwa cha mtu ni nukta chache tu.

Sasa pingi. Pingi ni muda wa taarifa kutoka kwako mpaka kwenye seva na kurudi, na kadi ya grafiki haimo kabisa kwenye hiyo safari. Seva ya Valve tunayoitegemea zaidi huku iko Johannesburg. Hata njia ikinyooka, unatoka Tabora mpaka Dar, kwa reli hiyo ni kama kilomita 840, unaingia kwenye nyaya za baharini, EASSy au SEACOM, unashuka pwani mpaka Afrika Kusini, halafu unapanda Johannesburg, jumla inapita kilomita 4,000 kwenda tu. Mwanga kwenye faiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kumeshakula milisekunde 40 na kitu kabla hata mnara au ruta haijagusa chochote, na taarifa zako siyo lazima zipite njia hiyo fupi. Utakumbuka tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilivyokatika intaneti ikayumba nchi nzima, ndo ujue tunaning'inia kwenye nini.

Unachoweza kukipunguza ni kile cha hapo nyumbani. Kama unatumia simu kama hotispoti, acha waifai, chomeka simu kwa waya wa USB. Kama ni ruta, vuta waya wa mtandao mpaka kwenye PC. Zima apdeti za Steam wakati unacheza na uwaombe wa nyumbani video zisubiri mechi iishe, kwa sababu foleni ikijaa kwenye laini yako pingi inaruka 130, 260, 140, na kuruka huko ndo kunakoua kuliko 130 yenyewe. Pingi ya 130 iliyotulia unaweza kuizoea, unajifunza kushika kona badala ya kuchungulia kwa ghafla. Na kwenye setingi za CS2 kuna kiwango cha juu cha pingi unachokubali, kishushe ili isikutupe kwenye seva za mbali, utasubiri mechi kidogo zaidi.

Kuna mambo ambayo sitaki uyafanye peke yako. Ukiona rangi za ajabu au vipande vya mraba vinarukaruka kwenye skrini, mashine inazima ghafla vita ikianza, unasikia harufu ya kuungua, au umeme wa nyumbani unapanda na kushuka mpaka taa zinapepesa, zima na upeleke kwa fundi. Peleka mashine nzima, usipeleke kadi peke yake, maana kuzima ghafla mara nyingi ni pawa sapulai na fundi hawezi kuliona tatizo ambalo limebaki nyumbani. Pawa sapulai yenyewe usiifungue hata kidogo, ndani inabaki na umeme hata ukiwa umeichomoa. Na kwa umeme wetu, hela itakayobaki weka UPS au stabilaiza nzuri, maana hiyo kadi ukiiunguza utarudi kwenye hilo swali lako ukiwa huna cha kuuza.

Basi anza na vumbi, halafu jaribio la resolusheni, kabla hujaongea na mteja yeyote. Nitumie FPS ya chini kabisa uliyoiona kwenye 1080 na ile ya kwenye 960, uniambie na Task Manager imeandika nafasi ngapi za ramu zinatumika, na upige picha lebo ya pawa sapulai. Nikiwa na hivyo vinne nakwambia ununue nini na uache nini.